Integer.sum, addExact, BigInteger.add na wenzao: unapojumlisha namba nzima, jibu linakaa wapi?

Mleta uzi

Wakuu, salamu kwenu nyote.

Kuna swali ambalo wanaojifunza Java huliuliza mara kwa mara, na majibu wanayopewa huwa mafupi mno: kwa nini lugha iwe na methodi ya `Integer.sum` ilhali alama ya kujumlisha ipo tangu mwanzo? Anayeuliza huwa amefungua msimbo wa maktaba ya Java, akakuta kwamba ndani ya methodi hiyo hamna zaidi ya mstari mmoja, `return a + b;`, akabaki akijiuliza kama kuna jambo limempita au kama walioitengeneza lugha wameongeza kitu kisicho na kazi. Naomba tulijadili kwa kina, kwa sababu nyuma ya swali hilo dogo kuna suala ambalo linaamua kama programu yako itatoa majibu ya kweli au ya uongo.

Nianze na sababu ya methodi hiyo kuwapo. `Integer.sum` iliingia katika Java 8, toleo lililotoka mwaka 2014, na toleo hilohilo ndilo lililoleta mikondo ya data (stream, yaani namna ya kupitisha vipengele vya orodha kimoja kimoja katika kazi) pamoja na uwezo wa kuipa methodi moja methodi nyingine ili iitumie katika kazi yake. Katika Java alama ya `+` si methodi. Haimo ndani ya klasi yoyote, wala huwezi kuichukua ukaipeleka mahali pengine ikatumike huko. Methodi yenye jina hupelekeka. Ndiyo maana mwenye orodha ya namba anaweza kuandika hivi:

`int jumla = orodha.stream().reduce(0, Integer::sum);`

Hapo mwandishi hajajumlisha namba hata moja kwa mkono wake. Ameuagiza mkondo uanze na sifuri, na kila unapokutana na namba, uiunganishe na kilichokwisha kupatikana kwa kutumia methodi aliyoitaja. Matumizi ninayoyapenda zaidi, hata hivyo, ni ya kuhesabu mara ambazo kila neno limejitokeza katika maandishi:

`hesabu.merge(neno, 1, Integer::sum);`

Ikiwa neno halijawahi kuonekana, linaingizwa katika jedwali likiwa na 1; ikiwa limo tayari, thamani yake ya zamani na ile 1 mpya zinakabidhiwa `Integer.sum`, na jibu ndilo linalohifadhiwa. Bila `merge` ungelazimika kuuliza kwanza kama neno limo, kisha kulisoma, kisha kuongeza, kisha kurudisha. Kwa hiyo, unapokuwa na namba mbili tu mbele yako, andika `a + b` na usijitaabishe, `Integer.sum` imewekwa kwa ajili ya mahali ambapo kujumlisha kwenyewe kunapaswa kukabidhiwa kama kitu.

Sasa nije kwenye suala lenyewe. Namba ya aina ya `int` katika Java ina biti 32, yaani nafasi 32 ambazo kila moja ni 0 au 1, na kwa hiyo inaanzia −2,147,483,648 na kuishia 2,147,483,647. Ukiandika `Integer.sum(2147483647, 1)` utapata −2,147,483,648. Hakuna onyo linalotolewa, hakuna hitilafu inayorushwa, na programu inaendelea na kazi ikiwa na jibu hasi mkononi. Sababu yake ni namna namba hizo zinavyohifadhiwa: biti ya kushoto kabisa ndiyo inayoonyesha ishara, ikiwa 0 namba ni sifuri au chanya, ikiwa 1 namba ni hasi. Namba kubwa kuliko zote ina 0 upande wa kushoto na 1 katika nafasi 31 zilizobaki. Ukiiongezea moja, kila nafasi inageuka 0 na kusukuma moja kwenda kushoto, hadi ile biti ya ishara inapokuwa 1. Kwa mashine, hiyo ni hesabu iliyokamilika bila kasoro. Kwa mwenye programu, jibu limefurika.

Java 8 hiyohiyo ilileta pia `Math.addExact`, na hapa ndipo ninapotaka tutulie. Methodi hii hujumlisha kama kawaida, kisha hukagua kama jibu ni la kweli kabla ya kulirudisha; likiwa limefurika, hurusha hitilafu ya `ArithmeticException`. Ukaguzi wake ni mzuri kiasi kwamba unastahili kusomwa:

`int r = x + y;`
`if (((x ^ r) & (y ^ r)) < 0) throw new ArithmeticException("integer overflow");`

Maana yake ni kwamba namba chanya na hasi zikijumlishwa haziwezi kufurika kamwe, kwa kuwa jibu lake lazima liangukie kati ya hizo mbili. Kufurika kunawezekana tu pale namba zote mbili zinapokuwa upande mmoja, na dalili yake ni moja: jibu linatoka na ishara iliyo kinyume na ya zote mbili. Alama ya `^` inalinganisha biti, kwa hiyo `x ^ r` inakuwa hasi pale tu `x` na `r` zinapotofautiana ishara; `&` inadai kwamba `y` nayo itofautiane na `r`. Ukaguzi wote umekaa katika mstari mmoja.

Ya tatu ni `add` ya klasi ya `BigInteger`, ambayo haina mpaka wa biti 32 wala 64. Namba inaweza kukua hadi biti takriban bilioni mbili, mradi kumbukumbu ya kompyuta inaruhusu. Gharama yake ni kwamba kila jibu ni objekti mpya, na hesabu huenda polepole kuliko ya namba za kawaida.

Kwa maoni yangu, basi, anayeuliza ni methodi ipi atumie kujumlisha namba nzima ajiulize kwanza jibu lake litakaa wapi, na kitokee nini likikosa kuenea. Akishajibu hilo, methodi inajichagua yenyewe. Karibuni tuchangie.

Mchangiaji wa kwanza

Shukrani mkuu kwa uzi huu. Nina swali. Je, haitoshi mtu kulipokea jibu katika kigeu cha aina ya `long`, ambacho kina biti 64? Yaani `long jumla = Integer.sum(a, b);`. Nimeona wengi wakifanya hivyo na kuamini kwamba wamejikinga.

Mleta uzi

Haitoshi, ndugu yangu, na ni vizuri umeliuliza, kwa kuwa kosa hili limejificha katika programu nyingi mno.

Java huangalia aina ya namba zinazojumlishwa. Haiangalii aina ya kigeu kinachosubiri jibu. Ukiwa na `int` mbili, hesabu inafanyika katika biti 32, jibu linafurika humo, kisha jibu hilo lililokwisha kuharibika ndilo linalopanuliwa kuwa `long`. Umelitafutia jibu chumba kikubwa baada ya kuwa limekwisha kukatwa. Hali ni ileile kwa `long jumla = a + b;`, na ni ileile pia kwa `(long) (a + b)`, kwa sababu mabano yanalazimisha kujumlisha kutangulie na kupanua kufuate.

Upanuzi unapaswa kutangulia. Andika `(long) a + b`, ambapo `a` inapanuliwa kwanza na `b` inaifuata, au tumia `Long.sum(a, b)`: methodi hii inapokea `long` mbili, kwa hiyo kompaila, yaani programu inayotafsiri msimbo wako, huzipanua `int` zako wakati wa kuzikabidhi, kabla hesabu haijaanza. Kati ya `Integer.sum` na `Long.sum` tofauti ya maandishi ni ndogo sana, lakini kwa namba kubwa tofauti ya jibu ni ya zaidi ya bilioni nne.

Mikondo nayo ina mtego wa namna hii. `IntStream` ina methodi yake ya `sum()`, na jibu lake ni `int`. Nyaraka za Java zenyewe zinaeleza kwamba ni sawa na `reduce(0, Integer::sum)`. Anayetaka usalama aandike `asLongStream().sum()`. Cha kufurahisha ni kwamba `summaryStatistics()` ya mkondo huohuo hurudisha jumla yake katika `long`, kwa hiyo methodi mbili za mkondo mmoja zinaweza kukupa jumla mbili tofauti za namba zilezile.

Niongeze jambo moja ambalo halisemwi vya kutosha. Ukijumlisha safu ya `int` ndani ya `long`, huwezi kufurika hata ukijaribu. Safu ya Java haiwezi kuwa na vipengele zaidi ya 2,147,483,647, na kila kipengele hakizidi, kwa ukubwa wake bila kujali ishara, 2,147,483,648. Ukivizidisha viwili hivyo unapata namba iliyo chini kidogo ya mbili kwa kipeo cha 62, ilhali `long` inafika mbili kwa kipeo cha 63 kutoa moja, yaani 9,223,372,036,854,775,807. Nafasi inabaki. Kwa kazi hiyo huhitaji `addExact` wala `BigInteger`. `long` peke yake inatosha.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, uzi ni mzuri, ila naomba kuweka sawa jambo moja kuhusu upande wa objekti, kwa kuwa ndio msingi wa mada.

`Integer.sum` haitumii objekti yoyote. Ni methodi ya klasi: inapokea namba mbili za kawaida na kurudisha namba ya kawaida, na jina la `Integer` hapo ni anwani tu ya mahali methodi inapohifadhiwa. Katika Java `int` si objekti. `BigInteger.add` ndiyo yenye sura ya kweli ya uprogramu wa objekti, kwa sababu unaiendea namba ya kwanza na kuiomba ijijumlishe na ya pili: `a.add(b)`. Ukiziandika zote mbili kama rejea za methodi, `Integer::sum` na `BigInteger::add`, zinafanana kwa macho, lakini katika ya kwanza namba zote mbili ni hoja zinazokabidhiwa, ilhali katika ya pili namba ya kwanza ndiyo objekti inayoitwa na ya pili pekee ndiyo hoja. Kompaila inazipokea kwa namna moja, na nadhani ndiyo sababu wanafunzi hawaitambui tofauti hiyo.

Zipo lugha zilizokwenda mbali zaidi. Katika Smalltalk, iliyotengenezwa katika maabara ya utafiti ya Xerox PARC na kundi la Alan Kay, Dan Ingalls na Adele Goldberg, `3 + 4` ni ujumbe: objekti 3 inatumiwa ujumbe wenye jina `+` pamoja na 4. Kwa kuwa `+` na `*` ni ujumbe wa aina moja, hakuna unaotangulia mwingine isipokuwa kwa mpangilio wa kushoto kwenda kulia, na `2 + 3 * 4` inatoa 20. Wengi huliona hilo kuwa upungufu. Mimi ninaliona kuwa uaminifu kwa kanuni: ukisema kila kitu ni objekti na kila tendo ni ujumbe, basi kujumlisha nako kukubali sheria za ujumbe.

Ruby, ya Yukihiro Matsumoto, iliyotolewa mwaka 1995, ilichukua njia ya kati. Humo nako `+` ni methodi ya namba, na unaweza kuandika `2.+(3)` ukapata 5. Ila ukiandika kwa njia ya kawaida, `2 + 3 * 4`, lugha inafuata mazoea ya hisabati na kutoa 14; ukiita methodi waziwazi, `2.+(3) * 4`, unapata 20. Na kuhusu swali la mleta mada, la jibu kukaa wapi, Ruby humpunguzia mwandishi mzigo huo: namba ikizidi upana wa kawaida inahamia yenyewe katika hifadhi kubwa. Hadi toleo la 2.4, lililotoka mwishoni mwa 2016, uhamaji huo ulionekana kwa macho, maana namba ndogo zilikuwa za klasi ya `Fixnum` na kubwa za `Bignum`. Tangu hapo zote ni `Integer`.

Kwa wale wa Python, `5 + 3` nayo inaishia katika methodi, `__add__`. Lakini kuna sababu ya kutoiita moja kwa moja. Ukiandika `(5).__add__(3.0)` hupati 8.0, unapata kitu kinachoitwa `NotImplemented`, yaani namba nzima inasema kwamba haijui kujijumlisha na namba ya desimali. Ukiandika `5 + 3.0`, Python inaisikia kauli hiyo, inamgeukia wa upande wa kulia, inaiita methodi yake ya `__radd__`, na 8.0 inatoka. Alama ya `+` katika Python ni mazungumzo kati ya objekti mbili. `__add__` ni nusu moja tu ya mazungumzo hayo. Hapo ndipo tunapoona kwamba methodi na alama si lazima ziwe kitu kimoja, hata zinapofanya kazi moja.

Mchangiaji wa tatu

Ninaheshimu hoja zilizotolewa, lakini sikubaliani na picha inayojengeka kwamba kufurika ni ugonjwa na `addExact` ni dawa ya kila mahali.

Kwanza, kuna hesabu ambazo zimekusudiwa kufurika. Methodi ya `hashCode` ya maandishi katika Java huzidisha thamani iliyopo kwa 31 na kuongeza herufi inayofuata, tena na tena hadi mwisho wa maandishi. Kwa maandishi ya urefu wa kawaida jibu linafurika mara nyingi, na hakuna anayelalamika, kwa sababu kinachotakiwa ni alama ya utambulisho isiyobadilika, na ukubwa wa namba hauna maana yoyote. Ukiweka ukaguzi humo, utaivunja lugha nzima. Pili, ukaguzi una gharama. Katika kitanzi kinachojumlisha mamilioni ya namba, kila ulinganisho ni kazi ya ziada kwa kichakataji. Tatu, hitilafu inayorushwa katikati ya kazi inaweza kuleta madhara makubwa kuliko jibu lenye kasoro, hasa kama hakuna aliyejiandaa kuipokea.

Mleta uzi

Ndugu mchangiaji wa tatu, hoja yako ya kwanza naikubali bila kusita. Maelezo ya `hashCode` yanasema kwamba hesabu yake ni ya `int`, na kujumlisha kwa kawaida katika Java kumehakikishiwa kuzunguka, yaani kuvuka mpaka na kuibukia upande wa pili, kwa namna ileile katika kila mashine. Katika C++, kwa mfano, kufurika kwa namba zenye ishara hakuna maana iliyowekwa, na kompaila ina uhuru wa kudhani kwamba hakutatokea kamwe. Ninachokidai ni kwamba uamuzi uwe umefanywa na mwandishi kwa makusudi.

Hoja ya pili ina nguvu ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mashine ya Java ya HotSpot inaitambua `Math.addExact` kwa jina na kuiwekea maagizo yake maalumu, ambapo kichakataji chenyewe, ambacho tayari huweka alama ya kufurika kila kinapojumlisha, ndicho kinachoulizwa. Mstari ule wa `^` na `&` niliouonyesha juu, kwa hiyo, mara nyingi hautekelezwi kama ulivyoandikwa. Gharama ipo, lakini anayeikwepa aipime kwanza katika programu yake.

Hoja ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi, na siikubali. Programu iliyosimama inajulikana kuwa imesimama, na kumbukumbu ya hitilafu inakuonyesha mstari uliohusika. Namba ya uongo inaingia katika hesabu inayofuata, kisha katika ripoti, kisha katika uamuzi wa mtu, na siku itakapogunduliwa hakuna atakayejua ilianzia wapi.

Mfano wake unajulikana duniani kote. Methodi ya kutafuta kwa kugawa nusu katika maktaba ya Java ilikuwa ikitafuta kipengele cha katikati kwa `(low + high) / 2`, ambapo `low` na `high` ni nafasi ya mwanzo na ya mwisho ya sehemu inayotafutwa. Joshua Bloch, aliyeiandika, alieleza hadharani mwaka 2006 kwamba kosa lilikuwa limekaa humo kwa takriban miaka tisa. Safu ikiwa na vipengele takriban bilioni moja na zaidi, `low` na `high` kila moja inaenea katika `int`, lakini jumla yake haienei. Inageuka hasi, ikagawanywa kwa mbili ikabaki hasi, na methodi ikaenda kusoma nafasi isiyokuwapo katika safu. Kwa miaka mingi safu za ukubwa huo hazikuwa za kawaida, na ndiyo maana kosa lilijificha. Marekebisho yake ni mafupi: ama `low + (high - low) / 2`, ambapo hakuna hatua inayozidi `high`, ama `(low + high) >>> 1`, ambapo biti zinasogezwa kulia bila kuijali ishara, na jumla iliyofurika inasomwa upya kama namba chanya ya biti 32 kamili. Waandishi hodari waliusoma mstari ule mara nyingi. Kujumlisha ni jambo ambalo jicho hulipita bila kulikagua.

Niongeze kwamba lugha nyingine zimeamua tofauti. Swift husimamisha programu pale `+` inapofurika, na anayetaka izunguke analazimika kuandika `&+`. C# humwachia mwandishi achague kwa neno `checked`, lakini `Sum` ya makusanyo yake hurusha hitilafu jibu la `int` linapofurika, kinyume kabisa na `sum()` ya `IntStream`. Anayehama kutoka C# kwenda Java aliweke hilo akilini.

Mchangiaji wa nne

Wakuu, nimefuatilia tangu mwanzo. Ikiwa `addExact` ni salama kiasi hicho, je, ninaweza kuibadilisha moja kwa moja na `Integer::sum` ndani ya `reduce`, hata katika mkondo unaofanya kazi sambamba katika nyuzi kadhaa za kichakataji? Yaani `orodha.parallelStream().reduce(0, Math::addExact)`.

Mchangiaji wa pili

Nikuombe uwe mwangalifu, mkuu, kwa sababu hapo tunaingia katika sharti la `reduce` lenyewe.

Mkondo sambamba hugawa orodha vipande, kila kipande hujumlishwa peke yake, kisha majibu yanaunganishwa, na vipande hivyo hugawanywa kwa namna usiyoipanga wewe. Ili jibu libaki lilelile, methodi unayoikabidhi lazima isijali namna namba zinavyowekewa mabano. `Integer.sum` inalitimiza sharti hilo kikamilifu, tena kwa sababu ileile inayotutia hofu: inazunguka. Hata hesabu ikifurika katikati, ikirudi nyuma kwa namba hasi inajirekebisha yenyewe, na jibu la mwisho ni lilelile kwa mpangilio wowote.

`Math.addExact` hailitimizi. Chukua namba tatu: 2,147,483,647, 1 na −1. Ukianza na mbili za mwanzo, hitilafu inarushwa. Ukianza na mbili za mwisho, unapata 0, kisha 2,147,483,647, na kila kitu ni salama. Kwa hiyo orodha ileile inaweza kukubaliwa leo na kukataliwa kesho kwa kutegemea vipande viligawanywa vipi. Jibu linalotoka, likitoka, ni la kweli siku zote. Kisichotabirika ni kama litatoka. Tumia `mapToLong(Integer::longValue).sum()`, kisha ukihitaji `int` mwishoni, ipitishe jumla katika `Math.toIntExact`, ambayo itarusha hitilafu pale tu jumla kamili isipoenea. Ukaguzi unafanyika mara moja, mahali pake.

Na ile 0 ya mwanzo msiichezee. Kuna wanaotaka kuanza na salio, wakaandika `reduce(10, Integer::sum)`. Katika mkondo wa kawaida jibu litakuwa sahihi. Katika mkondo sambamba kila kipande kitaanza na 10 yake, na salio litaongezwa mara kadhaa. Salio liongezwe nje, baada ya `reduce` kumaliza.

Mchangiaji wa kwanza

Nimeelewa vizuri, asanteni. Nina mawili ya mwisho, kwa yeyote atakayependa kunisaidia. Ninaona watu wakiandika `jumla.add(x);` kwa `BigInteger` ndani ya kitanzi na jumla inabaki sifuri hadi mwisho. Na pili, `Integer.sum` inafanya nini orodha ikiwa na thamani tupu, yaani `null`?

Mleta uzi

La kwanza: objekti ya `BigInteger` haibadiliki baada ya kuundwa. `add` haiigusi `jumla`. Inaunda objekti mpya yenye jibu na kuirudisha, na usipoipokea inapotea. Andika `jumla = jumla.add(x);`, au uachie mkondo kazi hiyo kwa `reduce(BigInteger.ZERO, BigInteger::add)`, ambapo kosa hilo halina mahali pa kutokea.

La pili: `Integer.sum` inapokea `int`, na `int` haiwezi kuwa tupu. Java itajaribu kuitoa namba ndani ya objekti ya `Integer` kabla ya kuikabidhi, itakuta hamna kitu, na itarusha `NullPointerException`. Methodi yenyewe haitakuwa imeitwa bado. Kama thamani tupu katika orodha yako ina maana ya "haijulikani", usiigeuze kuwa 0 kimyakimya, kwa sababu sifuri ni jibu na kutojulikana si jibu. Zichuje kwa `filter(Objects::nonNull)` kabla ya kujumlisha, na uhesabu ulizoziacha, ili anayeisoma jumla ajue imetokana na namba ngapi.

Mchangiaji wa tatu

Hilo la kuhesabu zilizoachwa naliunga mkono. Kuhusu hoja yangu ya kasi, nitapima kama ulivyoshauri mkuu, katika kitanzi kimoja na kingine, kisha niyaweke matokeo hapahapa pamoja na msimbo wake ili kila mmoja aweze kuyarudia katika mashine yake.